Tairi la Pili

Sehemu ya tisa

"Dereva, bado hatujafika?"

Mara ya pili sasa. Sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu anayeona haya kusumbua. Nayo ilitoka nyuma ya gari ambalo Taratibu mwenyewe alilifunga saa nzima iliyopita likiwa halina kitu ila mablanketi ya kufunikia samani.

Wiki jana tulimwacha na mguu mmoja nje ya mlango. Mguu huo bado uko nje.

Wewe uliyeikuta hadithi njiani, shika haya uende nayo. Taratibu ni dereva wa karakana ya samani, mtu mzima wa miaka sitini na moja, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizidisha kilomita hamsini kwa saa. Zamani aliendesha ambulensi ya zahanati. Miaka kumi na tisa iliyopita ambulensi hiyo ilipata pancha kwenye kona hii hii, akatafuta spea asiione. Mama mjamzito aliyekuwa amelala nyuma akajifungulia hapo barabarani, akavuja damu hadi akakata roho.

Tangu hapo Taratibu aliihama njia hii. Leo daraja la ile nyingine limefungwa, viti vya hoteli lazima vifike, akapita. Wakati wa kurudi, saa tano usiku, tairi la nyuma kushoto likakaa chini. Kwenye kona ile ile.

Na maneno ya mwisho ambayo yule mama alimwambia ndiyo hayo uliyoyasikia sasa hivi.

Taratibu akajikaza kisabuni. Akachukua spana ya magurudumu kwa mkono mmoja na tochi kwa mwingine, akazunguka gari hatua kwa hatua. Taa za hatari zilikuwa zikiwaka na kuzima, zinaipaka barabara rangi ya machungwa, kisha giza, kisha machungwa tena. Hakukuwa na upepo. Majani ya pembeni yalisimama kama yaliyochorwa.

Akafika mlango wa nyuma. Akasikiliza.

Kitu kikasogea ndani.

"Nani humo?"

Akainua spana.

"Nauliza nani humo! Toka kabla sijapasua mtu kichwa!"

Akaufungua mlango kwa kishindo. Rundo la mablanketi likainuka, likapata kichwa, likapata mikono miwili.

"Usinipige, Mzee! Ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Mimi! Mshonaji!"

Spana ikashuka. Taratibu akakaa kwenye bampa. Aliyetoka alikuwa binti mshona makochi, mgeni wa miezi mitatu karakanani, yule anayemletea Taratibu chai kila saa nne bila kuombwa, na aliyemshonea mto wa kiti kwa ajili ya mgongo wake.

"Mwanangu, unataka nife na presha? Umeingiaje humo?"

"Mlango wa ubavuni. Ulipokuwa hotelini unasainisha karatasi. Nilitangulia kwa basi mchana."

"Ili iweje?"

"Nilitaka lifti."

"Lifti huombwa! Haivamiwi! Na hayo maneno uliyonisemesha, huo nao ni mchezo gani?"

"Maneno gani?"

"Uliyosema sasa hivi. Mara mbili."

Binti akamtazama bila kupepesa. "Mzee, mimi sijafungua mdomo. Nilijiziba kwa blanketi nisije nikakohoa."

"Usinitanie."

"Haki ya Mungu. Sijasema kitu. Wewe umesikia nini?"

Taratibu akamulika ndani ya gari, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mablanketi, kamba na vumbi la mbao. Basi.

Akaufunga mlango polepole, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa aliyelala.

"Shika tochi," akasema. "Tubadilishe tairi tuondoke hapa."

*

Kazi humtuliza mtu anayeijua. Taratibu akaweka pembetatu ya kuakisi hatua hamsini nyuma, akahakikisha breki ya mkono imekaza, akatia mawe mawili kwenye magurudumu ya mbele. Kisha akachutama alitazame lile tairi.

Halikuwa na msumari wala mpasuko. Lilikuwa limesagika kwa kubebeshwa gari bila upepo, lakini pale valvu ilipo, kofia yake haikuwepo, na kile kisindano cha ndani kilicheza alipokigusa kwa kucha.

Valvu haijilegezi yenyewe. Hilo Taratibu alilijua, ila alilimeza.

Akalala chali, akajisukuma chini ya gari, akanyoosha mkono mahali spea inaponing'inia.

Mkono ukashika mnyororo mtupu.

Mnyororo ule ulikuwa baridi. Ulikuwa baridi vile vile miaka kumi na tisa iliyopita, na uzito wake ulikuwa ule ule, na mlio wake ulipogonga chuma ulikuwa ule ule. Taratibu alilala pale akiwa amefumba macho. Alingoja kusikia ile sauti kwa mara ya tatu, juu yake, kupitia sakafu ya gari.

Badala yake akasikia ya binti.

"Vipi, Mzee? Hakuna?"

Namna alivyouliza, kama mtu aliyekwisha kulijua jibu. Hapo ndipo Taratibu alipofumbua macho.

Akatoka chini taratibu, akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Asubuhi spea ilikuwepo. Nimeigusa mwenyewe. Mimi huigusa kila asubuhi."

Binti aliendelea kummulika.

"Valvu nayo imelegezwa na mtu."

Taratibu akamgeukia.

"Mshonaji. Tairi langu liko wapi?"

"Nyuma ya mapipa ya taka ya hoteli," binti akasema. Sauti haikutetemeka hata chembe. "Nimeliteremsha mimi. Na valvu nimelegeza mimi. Nilitaka ukwame gizani, uingize mkono chini, ukute patupu. Nilitaka nione uso wako. Sasa niambie, Mzee. Unajisikiaje?"

"Kwa nini?"

"Mama yangu alifia hapa."

Tochi ilimpiga Taratibu machoni, na hakuinua mkono kujikinga.

"Wewe ndiye yule mtoto," akasema.

"Mimi ndiye yule mtoto."

"Umekuwa mkubwa." Lilimtoka bila yeye kutaka. Ni neno ambalo mjomba humwambia mpwa wake mlangoni, na hapa, barabarani, mbele ya spana na jeki, lilisikika vibaya. "Miezi mitatu unaninywesha chai."

"Nilitaka nimjue mtu aliyeuza spea ya ambulensi akanywea pombe."

"Nani kakwambia nimeuza?"

"Karatasi ipo! Umesaini!"

"Nilisaini kuwa iliibwa chini ya ulinzi wangu. Pombe sijawahi kuionja maishani. Muulize yeyote karakanani."

Kwa miezi mitatu binti alikuwa amemwona mzee huyu akikataa hata soda yenye gesi, anasema inampandisha kiungulia.

Kisha akauliza jambo jingine, na safari hii sauti ilipungua.

"Hukuchagua wewe kusimama hapa, kwenye kona hii?"

"Nisimame hapa mimi? Ningeweza ningepaa."

"Na mimi sikuchagua. Nililegeza valvu tu, tairi lishuke popote litakaposhukia." Akageuza tochi pembeni, kwenye majani yasiyotikisika. "Basi pamejichaguaje?"

*

Taratibu alimwacha na swali lake, akaenda mbele. Binti akamfuata na mwanga, akidhani anaenda kukaa kwenye usukani alie. Taratibu aliukunja mgongo wa kiti chake, akafunua turubai, akavuta kwa mikono miwili.

Likatoka tairi la pili. Limejaa upepo, limefutwa, kofia ya valvu imekazwa.

"Tangu usiku ule nabeba mawili," akasema. "Vijana wa karakana hunicheka. Tajiri anasema nammalizia petroli kwa uzito wa bure. Mulika chini, nisijikwae."

Binti akamulika. Mtu aliyeuza spea kwa pombe hazeeki akibeba tairi nyuma ya kiti.

Taratibu akalegeza nati kwanza gari likiwa bado chini, nusu mzunguko kila moja, maana ukishalinyanyua gurudumu huzunguka nawe ukabaki kucheza nalo dansi. Akaweka kipande cha mbao chini ya jeki kwa sababu udongo wa pembeni ulikuwa laini. Akaanza kupampu. Gari likapanda, likilia.

"Niambie ulisikia nini," binti akasema.

"Lini?"

"Mwanzo. Ulisema nimesema maneno. Mara mbili."

Taratibu aliendelea kupampu.

"Mzee, sina picha yake. Sina nguo yake. Kama alisema kitu, ni changu."

Jeki ikasimama.

"Nilikuwa chini ya gari," Taratibu akasema, akiliangalia gurudumu. "Nimeshika ule mnyororo. Yeye alikuwa juu yangu, sakafu tu imetutenga. Akagonga kwa kidole, taratibu hivi. Akasema, 'Dereva, bado hatujafika?' Kwa adabu. Ungedhani yeye ndiye anayetuchelewesha."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamdanganya. Nikasema, bado kidogo tu, mama. Kisha nikatoka mbio kwenda kituo cha mafuta, kilomita sita. Nilikimbia na viatu vikaniishia mguuni. Niliporudi na lori, zilikuwa zimepita saa mbili na nusu. Muuguzi niliyemwacha naye alikuwa ameketi barabarani amekukumbatia. Mama yako alikuwa ameshafunikwa."

Binti akalia bila sauti, akiwa bado ameinyoosha tochi sawasawa. Mwanga haukucheza.

Taratibu akatoa nati za mwisho, akalivuta tairi bovu, akalisukumia chini ya gari kama kinga. Akaliinua zima. Mgongo ukamlalamikia. Akalipachika, akarudisha nati kwa vidole, akashusha jeki, akakaza kwa spana: moja, kisha ile ya mkabala wake, kisha nyingine, kwa msalaba, mpaka chuma kikatoa ule mlio mfupi wa kukubali.

Akatazama saa yake ya mkononi. Akaitazama muda mrefu.

"Ngapi?" binti akauliza.

"Dakika kumi na nane."

Dakika kumi na nane. Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka pale.

Na hapo ndipo, ndani ya gari lililofungwa, lililo tupu, wote wawili wakasikia pumzi. Ndefu. Kama ya mtu anayetua mzigo kichwani baada ya safari.

Binti akamdaka Taratibu mkono.

"Ni upepo?"

"Hakuna upepo."

"Ni... vyuma vinapoa?"

"Labda vyuma," Taratibu akasema, na hakuna hata mmoja wao aliyeamini.

*

Wangeondoka. Laiti wangeondoka! Spana ilikuwa imesharudi kwenye mfuko wake na ufunguo uko mkononi. Lakini binti alisimama mbele ya mlango wa dereva, hakupisha.

"Kama hukuuza, nani alichukua?"

"Ingia garini, mwanangu."

"Nani?"

"Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

"Mtu. Aliniambia, 'Nyamaza, saini, na huyu mtoto atalelewa kama binti wa mfalme. Fungua mdomo, na ataishia kituo cha yatima.' Ndugu wa mama yako hakujitokeza hata mmoja. Siku nne nzima mwili umelala mochwari. Ningefanyaje? Nikasaini. Kazi ikaniponyoka, jina likachafuka, mke wangu akachoka kunyooshewa vidole sokoni, akarudi kwao. Sijuti. Umesoma, umekula, una meno yote."

"Mimi nimelelewa na Daktari," binti akasema polepole. "Mganga mkuu wa ile zahanati. Ndiye Baba."

"Najua."

"Baba ndiye aliyeniambia uliuza."

"Hilo ndilo nalisikia leo."

Binti akarudi nyuma hatua moja.

"Spea ilichukuliwa Ijumaa mchana," Taratibu akasema, na sasa maneno yalimtoka kama yanayong'olewa. "Kulikuwa na harusi mbali, na aliyekuwa anasafiri alikuwa na gari la aina moja na ambulensi. Spea yake ilikuwa kipara. Akasema, 'Naazima, Jumatatu nairudisha.' Mimi nani nimkatalie? Jumatatu usiku nikaondoka na mgonjwa nikidhani imesharudi. Zaidi ya hapo usiniulize."

"Muongo."

"Sawa."

"Muongo! Baba alikuwa na... lile gari jeupe, la..." Akanyamaza. Picha ya lile gari ilikuwa ukutani sebuleni kwao. Binti amesimama mbele yake akiwa na mwaka mmoja, ameshikwa mkono. "Muongo wewe! Unamsingizia!"

"Sawa, mwanangu. Mimi muongo. Ingia twende."

"Siendi! Na utayarudia hayo mbele yake. Nilimtumia ujumbe tairi liliposhuka. Nilimwambia tuko wapi na niko na nani."

Taratibu akageukia barabara.

"Umemwita hapa?"

Kwa mbali, juu ya mlima, taa mbili zilitokeza. Zilikuwa zikishuka kwa kasi ambayo hakuna mwenye akili angeitumia kwenye kona zile.

"Ndiye huyo," binti akasema.

Gari likaigonga pembetatu, ikaanguka chali, likasimama ghafla hatua chache kutoka kwao. Mlango ukafunguka. Daktari alikuwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia, na viatu bila soksi. Mwanamume mrefu, mwenye mvi zilizochanwa vizuri kila siku isipokuwa leo.

Binti akamkimbilia. "Baba! Mwambie huyu..."

Daktari hakumtazama. Alimpita kama anavyopita mlingoti. Macho yake yalikuwa kwa Taratibu.

"Umemwambia?"

Neno moja. Binti akasimama palepale alipo, mikono ingali imenyooka kukumbatia.

Taratibu akashusha pumzi. "Mimi nilikuwa nimekataa. Wewe ndiye umemwambia, sasa hivi, kwa kinywa chako."

Daktari akageuka. Alimwona binti. Akaona ile tochi inaning'inia mkononi mwake, inamulika viatu vyake visivyo na soksi.

"Ilikuwa nirudishe Jumatatu," akasema. "Siku tatu tu. Nani angejua? Mwanangu, ningekuambia."

"Lini?"

"Ningekuambia."

"Mwaka jana nilipokuuliza, ulinitazama usoni ukasema pombe."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena ikiwa chafu zaidi. Alipozungumza alizungumza haraka, kama mtu anayenywa dawa chungu kwa funda moja.

"Basi afadhali yote uyasikie kwangu, siyo kwake. Sikumtoa mwenzako kwa ubaya. Nyumba ilikuwa na uwezo wa kuficha mmoja, siyo wawili. Watu wangehoji. Muuguzi ndiye aliyependekeza, nami nikakubali, na nimelipeleka jina lake kwenye sala kila..."

"Mwenzake nani?" Taratibu akauliza.

Daktari akakatika katikati ya sentensi. Akamtazama dereva. Aibu ikamtoka usoni, na kitu kingine kikachukua nafasi yake. Hofu.

"Muuguzi... hakukwambia?"

"Aniambie nini? Nilirudi na lori nikakuta mtoto mmoja!"

"Wewe hukujua," Daktari akanong'ona. "Miaka yote hii nakuogopa, na hukujua."

Akaanza kurudi nyuma kuelekea gari lake, mkono umetangulia unatafuta mlango. Lakini ujana ni ujana. Binti alishamzunguka, alishaingiza mkono dirishani, alishauchomoa ufunguo. Injini ikazima. Taa zikafa. Wakabaki na ile rangi ya machungwa inayowaka na kuzima.

Binti akaufumba ufunguo kiganjani mpaka ncha zake zikamchoma.

"Baba," akasema. "Tulizaliwa wangapi?"